Mazungumzo ya Tisa: Sukari Inapopanda na Kushuka

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili, ule unaowapata zaidi watu wazima. Kuna swali ambalo huniijia karibu kila siku ya kliniki: "Sista, mbona leo sukari ya mama iko juu na kesho iko chini, na dawa anameza?"

Nitaanza na kisa. Asubuhi moja, mama kijana alimleta mama mkwe wake kwa pikipiki. Mzee alikuwa amelowa jasho, maneno hayaeleweki, na watu wa nyumbani walikuwa wamesema ni mapepo. Nilimpima sukari ikawa 2.1. Hiyo ni sukari iliyoshuka vibaya sana. Tulimtundikia dripu ya glukosi, na baada ya muda mfupi akafungua macho akauliza, "Niko wapi?"

Mkaza mwana wake akanieleza. Jioni walimpima wakapata 17. Wakaogopa. Wakampa vidonge viwili badala ya kimoja, kisha wakamnyima chakula cha usiku ili sukari ishuke. Na kweli ilishuka.

Sikuweza kumlaumu. Kliniki iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia, "Mpunguzie mzee chakula." Sikumwambia kwamba vidonge vile havimezwi bila kula. Ndiyo maana leo nataka tulielewe jambo hili pamoja.

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, chapati na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iingie mwilini itupe nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauisikii insulini vizuri, na kadiri miaka inavyopita kongosho nalo huchoka. Sukari hubaki kwenye damu.

Kwa hivyo kila siku kuna vitu vinavyovuta sukari juu na vingine vinavyoivuta chini. Vinavyoipandisha ni chakula kingi cha wanga, chai ya sukari na soda, kuruka dawa, mawazo mengi, na magonjwa kama malaria, homa ya mapafu au kidonda kilichooza. Hata ini hutoa sukari usiku, ndiyo maana mtu anaweza kuamka na sukari ya juu na hakula kitu.

Vinavyoishusha ni dawa, kazi ya nguvu kama kulima au kuchota maji, kukosa mlo, na pombe. Mgonjwa akimeza dawa, aende shambani asubuhi yote, na mlo uchelewe hadi saa tisa, sukari itashuka tu.

Dawa nazo hazifanani. Metformin ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Lakini glibenclamide na insulini zinaweza kuishusha hata mtu akapoteza fahamu. Wazee na wenye shida ya figo wako katika hatari zaidi, kwa sababu dawa hukaa mwilini mwao muda mrefu. Uliza kliniki: dawa ya mgonjwa wangu ni ipi, na imezwe kabla ya chakula au pamoja nacho?

Sasa shika alama hizi. Sukari ikishuka chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho baridi, husikia njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Ikizidi kushuka, huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu au huongea kama mlevi. Haya si mapepo.

Kama ana fahamu na anaweza kumeza, fanya hivi mara moja. Koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama amepona, kwa kuwa dawa iliyobaki mwilini inaweza kuishusha tena.

Kama amepoteza fahamu, usimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

Je, kama huna mashine na hujui kama sukari iko juu au chini? Ikiwa anameza na ana alama hizo, mpe maji ya sukari. Sukari kidogo haitamdhuru sana aliye juu, lakini kuchelewa kunaweza kumuua aliye chini.

Sukari iliyopanda huja polepole. Mgonjwa huwa na kiu nyingi, hukojoa mara kwa mara, huchoka na macho huona ukungu. Akianza kutapika, kupumua haraka au kusinzia sana, hiyo ni dharura. Usiongeze dawa mwenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na nyumbani je, tufanye nini ili sukari itulie?

Kwanza, mlo uwe kwa wakati. Nusu ya sahani iwe mboga kama sukuma wiki, kunde au kabichi. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali au wali, kiasi cha ngumi ya mgonjwa. Ugali wa wimbi ni mzuri, lakini nao ni wanga, usipakuliwe mlima. Hakuna haja ya kumpikia sufuria yake peke yake, chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

Pili, dawa kila siku kwa saa ile ile. Asiache kwa sababu anajisikia vizuri, wala asiongezewe kwa sababu namba imetutisha.

Tatu, nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa, sukari, alichokula na kazi aliyofanya. Kwa watu wazima wengi, kabla ya kula tunataka 4 hadi 7, na saa mbili baada ya kula isifike 10. Kwa mzee dhaifu daktari anaweza kuruhusu iwe juu kidogo. Kama huna mashine, uliza mhudumu wa afya wa kijiji chako. Tangu mwaka 2023 wengi walipewa mikoba yenye kipimo cha sukari.

Nne, akiugua au akikosa kula, usisubiri kliniki ya mwezi. Njoo tuone kama dawa ibadilishwe. Mwenye kudunga insulini asiiache bila kuuliza.

Yule mzee bado tunamwona kliniki. Dawa yake ilibadilishwa, na mkaza mwana wake huja na daftari kwapani. Siku hizi yeye ndiye huniuliza maswali, na mimi hufurahi kuyajibu. Kwa hivyo nawe mama, siku ya kliniki usiondoke kabla hujaelewa. Tukisema kwa haraka, tuambie turudie.

Kumbuka: namba moja ya juu isikufanye umnyime mgonjwa mlo, na dawa isiongezwe bila ushauri.