Njia ya Sauti kati ya Minara: Suala la Ufundi na Suala la Madaraka

Katika mijadala ya maendeleo ya mawasiliano nchini, mara nyingi swali linaloulizwa ni moja tu: mnara wa simu umefika kijijini au haujafika? Swali hilo ni la haki. Mwananchi asiye na mawasiliano hupitwa na bei ya soko, huchelewa kupata msaada wa mgonjwa, na sauti yake haisikiki pale mambo yanapoamuliwa. Lakini swali hilo peke yake halitoshi, maana mnara ni mdomo na sikio tu. Liko swali la pili ambalo halisikiki sana katika vikao vyetu: sauti ya mwananchi ikishaingia mnarani, hupita njia gani hadi imfikie jirani yake, na nani anayeamua njia hiyo?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyahesabu mawasiliano miongoni mwa nyenzo kuu za uchumi. Hesabu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Anayeshika barabara ya kupitishia mazao ana nguvu juu ya bei ya mazao, na anayeshika njia ya sauti ana nguvu juu ya gharama ya kila neno linalosemwa. Kwa hiyo kada wa leo hana budi kuielewa njia hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi sauti na picha zinavyosafirishwa kati ya minara kwa mfumo uitwao Etheneti, na funzo la kisiasa lililomo ndani yake.

ASILI YA ETHENETI

Kila nyenzo ya kazi ina historia yake. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kutumia redio kuunganisha kompyuta zilizokuwa katika visiwa mbalimbali. Vituo vyote vilitumia masafa yale yale kwa pamoja, badala ya kila kimoja kugawiwa njia yake. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, walilichukua wazo hilo na kulitia katika waya. Mfumo wao wakauita Etheneti. Mwaka 1983 kanuni zake zilipitishwa na chama cha wahandisi cha IEEE kama kiwango cha wazi, ambacho kiwanda chochote duniani kinaweza kukifuata.

Jambo hilo la kiwango cha wazi ni la msingi. Etheneti ilienea kwa sababu haikubaki siri ya kampuni moja. Swichi iliyotengenezwa katika nchi moja huelewana na swichi ya nchi nyingine, na fundi aliyejifunza mfumo huo hahitaji kibali cha mwenye kiwanda ili aelewe kinachopita ndani ya waya.

SAUTI INAVYOSAFIRI

Katika mfumo wa zamani wa simu, mnara uliunganishwa na mtambo mkuu kwa njia yenye uwezo wa biti 2,048,000 kwa sekunde, iliyogawanywa katika nafasi 32. Kwa kawaida nafasi 30 zilibeba mazungumzo, kila moja biti 64,000 kwa sekunde. Nafasi hiyo ilitengwa hata kama wasemaji walikuwa kimya, kama vile gari zima lililokodiwa na abiria mmoja.

Etheneti hufanya kazi kwa namna nyingine. Simu ya mkononi hukusanya sauti ya milisekunde 20, huibana, kisha mnara huifunga katika pakiti na kuiandikia anwani. Kila sekunde moja ya mazungumzo hutoa pakiti 50. Pakiti hizo hupita katika njia moja pamoja na pakiti za watu wengine, za sauti, picha na video. Swichi husoma anwani na kuipeleka kila pakiti inakostahili.

Lakini utaratibu huu una gharama yake. Kwa mbinu moja inayotumika sana, sauti iliyobanwa hufikia biti 12,200 kwa sekunde, yaani takriban baiti 32 katika kila pakiti. Maandishi ya anwani na ya usimamizi yanayofungwa juu yake hufika baiti 58. Bahasha ni nzito kuliko barua! Njia inayohitajika inakuwa biti 36,000 kwa sekunde, karibu mara tatu ya sauti yenyewe. Dawa yake ni ushirika. Sauti za watu kumi wanaoelekea upande mmoja zikiwekwa katika bahasha moja, kila moja ikiwa na kibandiko chake kidogo, baiti 58 hulipwa mara moja badala ya mara kumi.

MAJIRANI NA MAKAO MAKUU

Sasa tufike katika kiini cha jambo. Tuchukue mfano wa wakulima wawili mkoani Kigoma, kila mmoja chini ya mnara wa kijiji chake, na minara hiyo miwili inaonana kwa macho. Mkulima wa kwanza anampigia wa pili kumwuliza bei ya mahindi. Kwa mpango uliozoeleka duniani kote, sauti yake haiendi moja kwa moja kwenye mnara wa pili. Husafiri hadi kwenye mtambo mkuu, ambao kwa kawaida umewekwa katika mji mkubwa, kisha hurudi njia ile ile hadi kwa jirani. Kama mtambo huo uko Dar es Salaam, safari ya kwenda ni zaidi ya kilometa 1,200 tukihesabu kwa njia ya reli, na safari ya kurudi ni hivyo hivyo.

Pale ambapo mnara umeunganishwa kwa setilaiti, hali ni mbaya zaidi. Setilaiti za aina iliyozoeleka hukaa kilometa 35,786 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka mara moja hutumia karibu robo ya sekunde. Majirani wetu wawili, ikiwa wote wako nyuma ya setilaiti, hulazimika kupanda na kushuka mara mbili, karibu nusu sekunde kabla neno halijafika. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe mazuri, na kwamba mipango ya kawaida isivuke milisekunde 400. Ndiyo maana watu hukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Katika nyuzi za mkongo ucheleweshaji si tatizo, kwa kuwa mwanga hukata kilometa 200 kwa kila milisekunde moja. Tatizo linabaki kwingine. Kwanza, njia kuu hujazwa na mazungumzo ambayo hayakuwa na sababu ya kuondoka wilayani. Pili, mafuriko au tingatinga likiukata mkongo, na hakuna njia ya pili, majirani wawili hawasikilizani ingawa minara yao inaonana.

Etheneti hutoa uwezo wa kuondoa kasoro hiyo. Minara miwili ikiunganishwa kwa mkongo au kwa mawimbi ya maikrowevu, na swichi ikawekwa katika makutano ya wilaya, pakiti za sauti zinaweza kugeuzwa hapo hapo. Viwango vya kimataifa vimelikubali jambo hili kwa hatua. Katika mfumo wa kizazi cha nne, minara jirani iliwekewa njia ya kuwasiliana moja kwa moja, ili mtu anayehama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine pakiti zake zimfuate bila kupotea. Njia hiyo haibebi mazungumzo yote, kwani kwa kawaida sauti huendelea kupita katika mtambo mkuu. Katika kizazi cha tano, ambacho viwango vyake vya kwanza vilikamilika mwaka 2018, mtambo wa kupitisha mzigo umetenganishwa kabisa na mtambo wa kutoa amri. Wa kupitisha mzigo unaweza kuwekwa mkoani au wilayani, karibu na watumiaji.

MASHARTI MATATU YA UFUNDI

Njia ya mkato haiwi njia bora kwa kutamkwa tu. Yako masharti matatu yanayopaswa kutimizwa.

Kwanza ni nidhamu ya foleni. Video inayopakuliwa inaweza kusubiri kidogo bila mtazamaji kutambua, lakini sauti haiwezi. Kwa sababu hiyo pakiti za Etheneti hutiwa alama ya kipaumbele yenye ngazi nane. Swichi isiyoheshimu alama hiyo huacha burudani ya mmoja izibe mdomo wa mwenye mgonjwa.

Pili ni saa. Masafa ya mnara hayapaswi kukosea zaidi ya sehemu 50 katika kila sehemu bilioni moja. Njia za zamani zilibeba mapigo ya saa pamoja na sauti, lakini Etheneti ya mwanzo haikubeba. Kuanzia mwaka 2006 viwango vya Etheneti yenye saa ndani yake vilianza kutolewa, na mwaka 2008 ilitoka kanuni iliyoboreshwa ya kupeleka saa kwa pakiti. Anayenunua swichi ya bei rahisi isiyojua saa hununua hasara.

Tatu ni mzunguko. Minara ikiunganishwa kwa umbo la pete, upande mmoja ukikatika sauti huzungukia upande wa pili. Lakini pete hiyo hiyo inaweza kuzifanya pakiti zizunguke bila kikomo mpaka njia ijae. Radia Perlman, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyebuni mwaka 1985 utaratibu wa swichi kushauriana zenyewe na kufunga kiungo kimoja, kisha kukifungua pale kingine kinapokatika.

MZIGO NA AMRI

Hapa ndipo funzo kubwa lilipo. Katika kila simu yako mambo mawili: mzigo, yaani sauti yenyewe, na amri, yaani ishara za kumtafuta anayepigiwa, kuthibitisha haki ya mpigaji na kuhesabu gharama. Tukiuacha mzigo upite wilayani lakini amri zote zikabaki makao makuu, tumepunguza msongamano na ucheleweshaji, jambo ambalo ni hatua ya maana. Lakini siku mkongo unapokatika hakuna simu mpya itakayoweza kuanza, kwa sababu mwenye kutoa ruhusa hafikiki. Wilaya itakuwa na njia, lakini haitakuwa na uwezo wa kuitumia.

Nchi yetu inalijua jambo hili katika siasa. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulipeleka maofisa na mafungu ya fedha mikoani, lakini wakati huo huo Serikali za Mitaa ziliondolewa. Iligundulika kwamba kuhamisha kazi si sawa na kuhamisha madaraka. Sheria za mwaka 1982 zikafungua njia ya kuzirudisha Serikali za Mitaa, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984. Ndivyo ilivyo katika mitandao: makutano ya wilaya yanahitaji kuwa na nakala ndogo ya mtambo wa amri, inayofuata mwongozo wa kitaifa siku zote, lakini yenye uwezo wa kuendesha mawasiliano ya dharura wakati njia kuu imekatika. Umoja wa uongozi na uwezo wa mahali pa kazi havipingani, bali kila kimoja hukitegemea kingine.

UMILIKI NA UTAALAMU

Historia ya njia hizi nchini inajulikana. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, tulianzisha Shirika letu la Posta na Simu. Mwaka 1994 lilitenganishwa, na simu zikawa chini ya TTCL. Mwaka 2001 sehemu ya hisa zake iliuzwa kwa wawekezaji wa nje. Mwaka 2016 Serikali ilirudisha umiliki wote, na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya TTCL kuwa shirika la umma. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ni mali ya umma.

Lakini tusijidanganye kwamba umiliki wa njia kuu umemaliza kazi. Minara mingi ni ya makampuni, na mitambo yake hutengenezwa na viwanda vichache vya nje. Umma unaweza kuwa na barabara kuu huku makutano na funguo zake vikiwa mikononi mwa wengine. Umiliki usio na ujuzi ni hati tu.

Yatupasa basi kuzingatia mambo manne. La kwanza, mipango ya kupanua mawasiliano ipime si idadi ya minara peke yake bali pia jinsi minara jirani inavyounganishwa. La pili, pale fedha za umma zinapotumika, kama zile za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, mikataba idai viwango vya wazi, ili tusifungwe na muuzaji mmoja. La tatu, vyuo vyetu vifundishe mafundi wa wilaya kuyaelewa makutano haya na kuyatengeneza, badala ya kusubiri mtaalamu kutoka mbali. La nne, viongozi wa vijiji waelezwe mkongo unapita wapi na kwa nini, maana mwananchi hulinda kile anachokielewa kuwa ni chake.

Hatuna maana kwamba kila simu igeuzwe kijijini. Ziko sehemu ambazo wasemaji ni wachache, na gharama ya mtambo wa karibu itazidi faida yake. Hapo mahesabu ndiyo yaamue. Lakini mahesabu hayo yafanywe na sisi wenyewe, kwa kujua, na si kwa kuupokea mpango uliochorwa na muuzaji kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Kwa hiyo, Ndugu, mnara mpya unapozinduliwa na hotuba zikatolewa, kada aliyeelewa makala haya ana swali moja la kuuliza kikaoni: siku njia ya kwenda mjini itakapokatika, je, kijiji hiki kitaweza kuzungumza na kijiji jirani? Jibu likiwa ni hapana, kazi bado haijakwisha.