Kuchora Sura za Watu kwa Simu na Kompyuta: Njia Nne na Hukumu Zake

Himdi zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake.

Wazazi wanatuuliza kuhusu kazi waliyoingia vijana wetu wengi: kuchora sura za watu kwa simu, tableti au kompyuta. Mteja hutuma picha ya maharusi, ya mtoto aliyemaliza skuli au ya mzee aliyefariki, na kijana humrudishia mchoro wa rangi wa kutia fremu. Pesa inaingia, na zipo nyumba zinazoitegemea. Mzazi anataka kujua: chumo hili ni halali?

Jibu haliwezi kuwa moja, kwa sababu kazi zenyewe si moja. Kwenye skrini michoro hufanana, lakini alichokifanya mchoraji kinatafautiana sana. Tuanze na kazi, kisha tuje kwenye hukumu.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kuchora kwa mkono tangu mwanzo. Mchoraji hufungua ukurasa mtupu katika programu kama Procreate au Krita, akashika kalamu ya skrini. Hupima kwa jicho lake nafasi ya macho, pua na mdomo, kisha hupaka rangi tabaka juu ya tabaka, mwanga na kivuli. Kalamu akiikandamiza, mstari hunenepa. Kazi huchukua saa nyingi. Tafauti yake na penseli ni kuwa hapana karatasi.

Ya pili ni kufuatisha. Picha ya kamera huwekwa tabaka la chini na kufifishwa, na mchoraji hupitisha mistari juu yake na kuchota rangi kutoka humo humo. Wengine huiburura brashi juu ya picha yenyewe mpaka ngozi ilainike na nywele zionekane kama zimepakwa. Wengine huujenga uso kwa vipande vya rangi bapa, kwa programu kama Inkscape.

Ya tatu ni filta. Programu kama Prisma, iliyotoka mwaka 2016, huipokea picha na kuigeuza ifanane na mchoro wa rangi kwa kubonyeza mara moja.

Ya nne ni akili mnemba. Tangu mwaka 2022 programu kama Midjourney na Stable Diffusion zimeenea. Mtu huandika maneno, na kompyuta iliyofunzwa kwa picha nyingi mno za watu wengine humtolea sura, pengine ya mtu asiyekuwepo duniani.

Hukumu inavyofuata

Katika Sahih za Bukhari na Muslim yamepokewa makemeo makali ya Mtume (S.A.W.) kwa wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Kwa msingi huo Imam Nawawi, tegemeo kubwa la madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa kuitengeneza sura hiyo ni haramu, iwe kwenye nguo, ukuta au sarafu. Baadhi ya wanazuoni wa Kimaliki wamelegeza kidogo kwa sura bapa isiyo na kivuli, wakaiona ni makuruhu.

Kamera ilipokuja, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliijuzisha kwa hoja kuwa inakizuia tu kivuli cha alichokiumba Allah. Sheikh Ibn Uthaymin alitoa mfano wa barua: ukiitoa kopi, mwandiko unabaki wa aliyeiandika. Sheikh Ibn Baz yeye aliikataza ila kwa dharura, kama vile kitambulisho.

Tukizipima njia zetu kwa kauli hizi, ya kwanza ndiyo iliyo karibu kabisa na makatazo. Kioo cha tableti hakimtoi mchoraji katika uchoraji. Ya pili inaifuata, kwani kufuatisha nako ni mkono kuunda uso. Ya tatu iko karibu na kamera, na mwenye kuijuzisha kamera anayo hoja ya kuijuzisha. Ya nne ndiyo ngumu: hapana mkono uliochora, lakini pia hapana kivuli cha mtu wa kweli kilichozuiliwa. Wanazuoni wa zama zetu wanaendelea kuijadili, na mwenye kujiepusha nayo ameihifadhi dini yake.

Yasiyohitaji mjadala

Yapo mambo ambayo njia haiyabadilishi. Bibi harusi akituma picha yake bila ya mtandio, kijana ajinabi atakaa anaukazia macho uso na nywele zake saa nzima, akivuta karibu kila sehemu. Hilo halifai hata kama mchoro wenyewe ungekuwa na ruhusa. Picha ya mtu haichukuliwi bila ya idhini yake. Sura ya marehemu haitundikwi ukutani kwa kutukuzwa. Aliyefariki anahitaji dua zetu na sadaka. Na mwenye kumlipisha mteja bei ya kazi ya mkono, ilhali amebonyeza filta, ameghushi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi.

Nini afanye kijana?

Imepokewa kuwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza sura alimwendea Ibn Abbas (R.A.). Aliposikia makemeo ya Mtume (S.A.W.) rangi ilimbadilika. Ibn Abbas hakumwambia aache kuchora kabisa. Alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho.

Basi nasi tusimnyang'anye kijana tableti yake na kumwacha bila ya kazi. Mkono uliojifunza mwanga na kivuli unaweza kuchora milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, jahazi zikitweka, mikarafuu, khati, na kadi za mwaliko wa harusi. Mteja akishikilia sura ya mtu, wako wachoraji Waislamu wanaochora nguo na umbo la stara na kuuacha uso bila ya macho, pua wala mdomo. Wanazuoni wengi wameliona hilo kuwa ni jepesi zaidi.

Haya ni maelezo, si fatwa. Kila nyumba imwendee sheikh wake na imweleze kwa usahihi ni njia ipi kijana anaitumia, kwani jibu linafuata swali.

Wallahu a'lam.