Mwalimu na Mtoto Aliyepatwa na Kiwewe



Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, na mamia ya watu wakafariki. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Maiti walizikwa, hitima zikasomwa, na watoto waliofiwa wakarejea shuleni na chuoni. Tangu hapo misiba haikukoma. Desemba 2023 tope lilifunika nyumba za watu Katesh, wilayani Hanang. Kila mara yupo mwalimu anayempokea mtoto aliyeyaona hayo.

Mtoto huyo huwaje? Aliyehifadhi Juzuu Amma hukwama katika sura aliyoisoma jana bila kosa. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Husinzia mchana kwa kuwa usiku ndoto zimemnyima usingizi, au humpiga mwenzake bila sababu. Mwalimu asiyejua huuita huo uvivu, au husema mtoto ana shetani, na bakora ikashika kazi. Ilhali akili yake ingali inakesha kungojea hatari, na moyo ulio katika hofu hauhifadhi. Fimbo humthibitishia kwamba hata chuoni hakuna usalama.

Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, alikuwa mtoto mdogo mwenye kijindege alichokichezea. Kikafa. Mtume (S.A.W.) alipomwona ana huzuni aliuliza sababu, kisha akamsemesha kwa upole, akimwita kwa kuniya yake kama anavyoitwa mtu mzima. Hicho kilikuwa kijindege tu. Sembuse mama aliyezama!

Wapo wanaomwambia mtoto, "Usilie, ni kadari." Kadari ni haki, lakini neno hilo likitangulia humfunga mtoto kinywa. Nabii Yaakub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna anayeitilia shaka subira yake.

Tunajua darasa limejaa na mwalimu ni mmoja, pengine naye kafiwa. Hatumtaki awe tabibu. Saa za kusoma zisibadilike ovyo, na yakiwapo mabadiliko mtoto aambiwe mapema. Akae karibu na mlango, aruhusiwe kutoka akizidiwa. Aya tano ziwe mbili kwa muda, na apewe kazi ndogo, kama kugawa misahafu. Aulizwe faraghani, "Usiku ulilalaje?" Akitaka kusimulia asikilizwe, asipotaka asilazimishwe, wala asisimamishwe mbele ya wenzake aeleze yaliyompata.

Kumsomea kisomo cha ruqya ni jambo jema, lakini hakuzuii kwenda hospitali. Hali ikipita mwezi bila nafuu, mlezi ashauriwe ampeleke. Akitamka kwamba anatamani kufa, apelekwe siku hiyo hiyo.

Nanyi walezi, msimwachie mwalimu abahatishe. Kabla mtoto hajarejea, mwendeeni mkamweleze kwa siri nani amefariki, mtoto aliona nini, na ni kitu gani kinachomtisha: mvua kubwa, king'ora, au kutajwa kwa safari ya bahari.