Coltan ya Maniema iliondoka kwa kilo, PlayStation ikarudi imekwisha kutumika

Lusangi, kusini mwa jimbo la Maniema, hakuna mwakilishi rasmi wa Sony wala wa Nintendo. Kasongo na Kabambare hayupo pia. Mashine ya michezo ya video ikifika huku, inafika ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, kati ya simu na redio, na mara nyingi imekwisha kutumiwa na mtu mwingine mbali sana. Lakini ndani ya mashine hiyo kunaweza kuwa na chembe za madini yaliyotoka katika udongo wa jimbo hili hili.

Madini hayo ni coltan. Viwanda vinaitoa ndani yake tantali, metali inayotumiwa kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme. Vipande hivyo vinavumilia joto na havichukui nafasi kubwa, ndiyo sababu vinawekwa katika simu, kompyuta na mashine za michezo.

Tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 2000, Sony ilianza kuuza PlayStation 2 huko Japani. Mwezi wa kumi ilifika Marekani, lakini kwa uhaba wa vipande, Sony ilipunguza idadi ya mashine za siku ya kwanza kutoka milioni moja hadi 500.000. Mwaka huo huo bei ya tantali ilipanda mara nyingi kwenye soko la dunia.

Wakati huo Kindu na Kasongo zilikuwa chini ya waasi wa RCD-Goma. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2000, waasi hao walipatia kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza coltan nje, na kuchukua ushuru wa dola 10 kwa kila kilo. Mwezi wa nne mwaka wa 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoonyesha namna madini yalivyokuwa yakilisha vita. Mwaka huo huo bei ilianguka, na wengi walioacha mashamba wakakimbilia mashimo walibaki mikono mitupu.

Wengine waliita mapigano hayo "vita vya PlayStation". Jina hilo linavutia, lakini halisemi yote. Simu za mkononi zilihitaji tantali nyingi, na wanunuzi walioogopa upungufu waliweka akiba kubwa. Zaidi ya hayo, wakati huo tantali nyingi ya dunia ilitoka Australia. Vita vya Congo vilikuwa na mizizi yake. Coltan ilivipatia pesa.

Mashine zenyewe zilirudi kwa njia za bidhaa nyingine zote. Bidhaa za kusini mwa Maniema zinatoka Bukavu kwa barabara, zinavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie au Uvira, au zinapanda gari moshi linalopita Kongolo, Samba na Kibombo hadi Kindu. Kutoka hapo ni pikipiki na baiskeli.

Bila mwakilishi rasmi, hakuna garanti. PlayStation 2 za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zilitumia volti 100. Ukichomeka moja kwenye umeme wa volti 220 bila transfo, inaungua. Ili isome diski zilizonakiliwa, ilibidi fundi afunge chipu ndogo ndani yake. Kwa hiyo wasambazaji wa kweli wa mashine hizi katika sehemu nyingi za Afrika walikuwa wachuuzi na mafundi. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Mashine zilizokwisha kuuzwa ziliendelea kupita mkono kwa mkono.

Madini nayo yaliwekewa sheria. Mwezi wa saba mwaka wa 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayolazimisha makampuni yaliyo kwenye soko lake la hisa kueleza kama madini yao yanatoka Congo au kwa majirani zake. Mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Maniema na katika Kivu mbili hadi mwezi wa tatu 2011. Wachimbaji wadogo walikosa kazi kwa miezi sita.

Leo mfuko wa coltan unaoondoka kihalali unapaswa kufungwa lebo na kuandikwa tangu shimoni. Mashine inayorudi haina anayeifuata: hakuna anayejibu ikiharibika, wala anayeikusanya ikifa.

Sasa hata njia hii ya kurudi inakuwa nyembamba. PlayStation 5, iliyotoka mwezi wa kumi na moja 2020, ina aina zisizo na sehemu ya kuingiza diski. Michezo yake inanunuliwa kwa intaneti, kwenye duka ambalo Congo haimo katika orodha ya nchi zake. Diski ilikuwa inaweza kuazimwa, kuuzwa tena, kusafiri juu ya pikipiki hadi Lusangi. Mchezo usio na diski hausafiri hivyo.

Congo leo ndiyo ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa tantali. Kijana wa Kabambare anayeshika mashine hizo bado anasubiri iliyochokwa na wengine.