Kabla ya kununua raba, muulize mwindaji wa swala

UKISHUKA kwenye gari pale Ihanda, kati ya Vwawa na Tunduma, macho yanakimbilia kwanza kwenye malori. Barabara kuu ya kwenda Zambia hailali, na honi ndiyo jogoo wa hapa. Lakini mwenye jicho la michezo hatazami malori. Anatazama chini, miguuni.

Huko chini kuna kila kitu. Kuna kiatu cheusi cha shule ambacho jioni kinageuka kuwa cha mpira. Kuna yeboyebo, kuna kandambili zilizofungwa waya, kuna raba ya mtumba yenye soli mbili za rangi tofauti, na kuna mtoto anayekimbia pekupeku na kuwaacha wote nyuma. Ndipo mzazi anapojiuliza: huyu akinunuliwa viatu si atakwenda mbali zaidi?

Jibu ni ndiyo, na pia ni hapana. Kiatu kizuri humfikisha mtu. Kiatu kibaya humrudisha nyumbani anachechemea, na msimu ndo umeshaisha hivyo. Kwa familia inayotegemea kahawa na mahindi, kosa hilo si la kurekebishwa wiki ijayo. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Mazoezi na mchujo huja kabla, wakati mvua zinamalizia na kahawa ndo kwanza inaanza kuvunwa. Yaani kiatu kinatakiwa wakati ambao mfuko umekauka. Hela inayotoka hapo ni ya kununua mara moja tu, kwa hiyo lazima inunue kitu sahihi.

Wa kuulizwa kwanza katika jambo hili si muuza duka. Ni mwindaji.

Hatua chache za mwisho

Mtu anayewinda swala kwa upinde ana tatizo ambalo mwenye bunduki hana. Mshale hauendi mbali, kwa hiyo ni lazima amsogelee mnyama hadi zibaki hatua chache. Swala ana masikio makubwa na pua kali. Kijiti kimoja kikivunjika chini ya soli, mnyama ameshaondoka na chakula cha jioni kimeondoka naye.

Hapa nchini wanaolijua hilo kuliko wote ni Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao kwa vizazi wameishi kwa upinde na mshale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mwanamume wa Kihadzabe hutembea wastani wa zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Hiyo si barabara ya lami, ni mawe, miiba na mchanga wa moto. Miguuni wengi huvaa katambuga, kandambili zilizochongwa kwenye tairi la gari, na wengine hutembea peku. Katambuga haina mbwembwe. Mwiba haipiti soli yake kirahisi, hainywi maji, kamba ikikatika inafungwa palepale, na ikifika wakati wa kunyata inavuliwa kwa sekunde moja.

Marekani, ambako kuwinda paa kwa upinde ni mchezo wa watu wengi, wana maduka yaliyojaa viatu vya kazi hiyo. Bado wanabishana mambo yaleyale. Wako wanaovaa gambuti za mpira kwa sababu haziachi harufu ya mguu njiani na zinapita kwenye umande bila kulowa. Wako wanaotaka soli laini na nyembamba ili wasikie kijiti kabla hakijavunjika. Na wako wanaovua viatu kabisa hatua za mwisho, wakabaki na soksi nene za sufu.

Wote hao, wa Eyasi na wa Marekani, wanaanzia sehemu moja. Hawaulizi kiatu gani kinapendeza. Wanauliza: ninakwenda wapi, umbali gani, ardhi ikoje, na hatua ya mwisho inataka nini? Mwanariadha au mcheza mpira wa Ihanda akijiuliza hayo manne, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa lisitokee la kutoeleweka: somo ni la viatu, si la kwenda porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na kijana anayebeba upinde bila kibali anaweza kujikuta mahakamani badala ya uwanjani.

Bikila alivua, kisha akavaa

Kila ubishi wa viatu ukianza kijiweni, lazima jina la Abebe Bikila litajwe. Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Wapenda peku husimama hapo, wanapiga makofi, wanaondoka.

Hadithi haiishii hapo. Bikila hakuvua viatu ili kujionyesha. Viatu alivyopata kabla ya mbio havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikwishazoea kufanya mazoezi bila viatu. Kati ya kiatu kinachobana na mguu uliozoea, alichagua mguu. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alikimbia na viatu na soksi, vikiwa vimemkaa sawasawa. Alishinda tena, kwa saa 2:12:11, na kuwa mtu wa kwanza kutwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Kwa hiyo Bikila hakuthibitisha kwamba peku ni bora. Alithibitisha kwamba kiatu kisichokukaa ni kibaya kuliko kutokuwa na kiatu.

Wanasayansi nao wamelitazama suala hilo. Utafiti wa mwaka 2010, uliowahusisha wakimbiaji wa Kenya waliokua bila viatu, ulionyesha kuwa mara nyingi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, wakati waliozoea raba zenye kisigino kinene hutangulizwa na kisigino. Mtoto wa kijijini anayekimbia peku ana hazina katika mguu wake. Ukimvisha ghafla raba nzito yenye kisigino kama tofali, unamfundisha kukimbia upya.

Lakini peku ina bei yake pia. Kuna chupa zilizovunjika, kuna misumari na hatari ya pepopunda, kuna funza na minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya mguu. Na kwenye soka hakuna mjadala kabisa: sheria ya nne ya mchezo huo inataka mchezaji awe na viatu. Refa akikuta kidole kiko nje, unatoka.

Udongo ndio unaoamua

Ihanda ina nyuso mbili. Kuanzia Novemba hadi karibu Aprili mvua ya nyanda za juu inaufanya udongo ushike mguu kama ugali wa moto. Kiangazi kikiingia, uwanja uleule unakauka na kuwa mgumu kama sakafu, vumbi juu yake.

Kwa mcheza mpira, njumu moja haiwezi kutawala nyuso zote mbili. Kwenye matope zinatakiwa njumu ndefu kidogo, chache, zilizoachana, ili udongo udondoke wenyewe. Njumu fupi zilizosongamana zinajaa matope, na baada ya dakika kumi unateleza kama aliyevaa sahani. Kwenye uwanja mkavu mambo yanageuka. Njumu ndefu, hasa za chuma, haziingii ardhini. Mguu mzima unasimama juu ya vincha vichache, kisigino kinauma, na kifundo kinapinda kirahisi. Hapo zinafaa njumu fupi na nyingi za mpira au plastiki. Kijana mwenye uwezo wa pea moja tu achague za uwanja anaochezea zaidi, si za mchezaji anayemwona kwenye televisheni.

Kwa mkimbiaji wa barabarani na wa njia za mashambani, soli iwe na meno ya kushika tope lakini isiwe nzito. Kila gramu iliyoko mguuni inanyanyuliwa maelfu ya mara kabla ya kumaliza kilomita kumi. Raba inayokunywa maji na kukaa nayo ni jiwe ulilojifunga mwenyewe.

Wapo wanaosikia habari za raba nene za kisasa zenye bamba gumu ndani yake. Shirikisho la riadha duniani limeziwekea mpaka: soli isizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na milimita 20 kwa mbio za uwanjani tangu Novemba 2024. Viatu hivyo vina faida, lakini vimetengenezwa kwa lami na kasi kubwa. Kwenye njia ya ng'ombe yenye mashimo, unene ule unakuwa ngazi ya kuangukia.

Kuchagua kwenye mtumba

Kiukweli, wengi hawanunui dukani. Wananunua kwenye mtumba, na mtumba si aibu. Kinachotakiwa ni jicho.

Nenda jioni, si asubuhi, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kazi za siku, na mbioni huvimba vilevile. Nenda na soksi utakazokimbilia. Jaribu miguu yote miwili, kwani kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Pima kwa ule mkubwa. Simama wima, usipime umekaa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kisigino kisipande na kushuka ukitembea. Ukiambiwa kitatanuka tu, jua unapigwa bei. Kiatu kinachobana siku ya kwanza kitatoa malengelenge siku ya mashindano.

Kisha kikunje. Kiatu kizuri cha kukimbia hukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama karatasi, mguu hautapata msaada. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa makunyanzi, imeshazeeka hata kama juu inang'aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kimelala upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na sasa anataka kukupa na wewe. Mwisho, vuta kidogo ukingo wa soli. Gundi ikiachia hapo sokoni, matope ya Ihanda hayataihurumia. Kama kila kitu kingine kiko safi, fundi viatu akikipiga uzi pembeni kitakaa muda mrefu.

Kuna mazoea mengine ya kuangaliwa, hasa shuleni: kuazimana viatu siku ya mashindano. Mwalimu anatafuta namna watoto wote washiriki, na nia yake ni njema. Lakini mtoto wa namba 38 akivaa 41 na kujaza karatasi mbele, mguu unaogelea, anakimbia huku anakishikilia kiatu kwa vidole. Akivaa 36, kucha zinageuka nyeusi. Kwa mbio za riadha, mtoto aliyezoea peku na ambaye njia yake ni safi, ni heri aachwe na miguu yake kuliko kuvishwa ya mwenzake.

Na kikishapatikana

Kiatu kipya, hata kama ni kipya kwako tu, kisianzie siku ya mashindano. Kivae nyumbani, kisha matembezi, kisha mazoezi mepesi, wiki mbili tatu. Kikirudi na matope, yaondoe yakiwa bado mabichi, toa kitambaa cha ndani, jaza gazeti la jana linywe maji, kiweke kivulini penye upepo. Usikianike jikoni kando ya moto. Gundi inayeyuka, soli inajikunja, na hela ya kahawa inaishia majivuni.

Septemba 2025, mjini Tokyo, jiji lilelile aliloshinda Bikila akiwa amevaa viatu, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na kilichowatenganisha kilikuwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, hatua ya mwisho ndiyo iliyoamua.

Mwindaji wa Eyasi analijua hilo bila saa. Anatembea siku nzima kwa ajili ya hatua chache za mwisho, na hawezi kuzifikia kama mguu ulishaharibika asubuhi. Mtoto wa Ihanda anayejifunga kamba za raba ya mtumba alfajiri, malori yakinguruma barabarani, naye anakwenda hukohuko. Kinachotakiwa ni kiatu kinachomkaa.