Windows 10 yafikia ukomo: Wananchi wanavyoweza kuhamia programu huria bila kupoteza kazi zao

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ulioingia sokoni Julai 2015. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtumiaji haoni badiliko lolote ilhali kila udhaifu utakaogunduliwa katika mfumo huo utabaki wazi kwa wahalifu wa mtandao. Kampuni hiyo imetoa muda wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, muda ambao ni wa kujiandaa tu.

Njia ya kwanza inayowajia wengi ni kuhamia Windows 11. Hata hivyo, mfumo huo hudai prosesa za miaka ya karibuni pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, hivyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki. Jambo hili linawagusa moja kwa moja wananchi walionunua kompyuta mpakato za mtumba kwa ajili ya masomo, uhasibu wa duka au kazi za stesheni. Mashine ni nzima, kioo hakina ufa, lakini mwenye nayo anaambiwa imepitwa na wakati. Wapo wanaokimbilia nakala zisizo halali za mfumo mpya zinazosambazwa kwa flashi. Hiyo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni, kwani aliyevunja kinga ya nakala hiyo anaweza pia kupachika humo chochote apendacho.

Ipo njia nyingine, ya mifumo endeshi huria. Mfumo huitwa huria pale msimbo chanzo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji, unapowekwa wazi ili mtu yeyote ausome, aurekebishe na kuugawa. Unaojulikana zaidi ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Matoleo yake ni mengi na hupatikana bila malipo. Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, limebeba neno ambalo msemaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa, kwani ni lile lile utu. Linux Mint nalo hupendwa na wanaotoka Windows kwa sababu mwonekano wake hauwapotezi, na hufanya kazi vizuri katika kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4.

Kuhusu faragha, inafaa kusema ukweli wote. Windows 10 hutuma kwa mtengenezaji taarifa za uchunguzi ambazo mtumiaji wa toleo la nyumbani hawezi kuzizima kabisa. Mifumo huria mingi haina sharti hilo, na wala haimlazimishi mtu kufungua akaunti ya mtandaoni. Lakini uhuria peke yake si kinga. Mwaka 2012 Ubuntu yenyewe ilipeleka maneno ambayo watumiaji walikuwa wakiyatafuta ndani ya kompyuta zao ili yaletewe matokeo ya duka la Amazon. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, jambo hilo lilionekana mapema, likalaumiwa hadharani, na kufikia toleo la mwaka 2016 lilikuwa limezimwa. Tofauti ya msingi iko hapo: kosa linaweza kutokea pande zote mbili, ila upande mmoja watu wa nje wana uwezo wa kuliona na kulithibitisha.

Namna ya kuhama ndiyo huamua mafanikio, na mfano mzuri uko Ufaransa. Kikosi cha ulinzi cha Gendarmerie hakikuanza na mfumo endeshi. Mwaka 2005 kilibadilisha programu za ofisi na kuanza kutumia OpenOffice, mwaka uliofuata kikaleta kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, kisha mwaka 2008 kikaanza kuhamia Ubuntu. Askari walipofika hatua ya mwisho, programu walizozitumia kila siku walikuwa wamekwisha kuzizoea. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta za kikosi hicho hutumia mfumo huria. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000, lakini mwaka 2017 baraza lake liliamua kurudi Windows baada ya miaka ya mabishano ya kisiasa na malalamiko ya watumishi.

Mwananchi mmoja mmoja anaweza kufuata mpangilio huo huo. Akiwa bado ndani ya Windows, asakinishe LibreOffice na Firefox, azitumie kwa wiki kadhaa na kufungua nyaraka zake zote za muhimu. Jedwali lenye fomula nyingi au barua yenye nembo huweza kuvurugika mpangilio, na ni afadhali kulijua hilo mapema. Programu hizi si ngeni kabisa hapa nchini. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, lililoitwa Jambo.

Hatua inayofuata ni kunakili mafaili yote kwenye diski ya nje na kuhakikisha yanafunguka katika kompyuta nyingine. Hatua hii hairukwi, kwa maana usakinishaji unaweza kufuta kila kitu. Kisha mfumo mpya hupakuliwa kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji na kuwekwa kwenye flashi. Linux huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, hivyo mtumiaji hupata nafasi ya kupima Wi-Fi, sauti, kamera na printa kabla ya kuamua. Wakati wa kusakinisha, inashauriwa kuchagua usimbaji fiche wa diski, ili kompyuta ikiibwa mwizi asiyafikie mafaili. Nywila ya usimbaji huo ikisahaulika, hakuna fundi atakayeweza kuirejesha.

Mipaka nayo ipo. Programu za Microsoft Office na Adobe za kusakinisha hazifanyi kazi moja kwa moja katika Linux, na baadhi ya programu za uhasibu na printa za zamani hutegemea Windows pekee. Mfanyabiashara ambaye duka lake linaendeshwa na programu ya aina hiyo afanye kwanza mawasiliano na aliyemuuzia. Pengine kununua kompyuta nyingine kutamgharimu kidogo kuliko kusimamisha biashara. Huduma zinazopatikana kupitia kivinjari, ikiwemo mifumo mingi ya Serikali, kwa kawaida hufunguka bila tatizo.

Aidha, kubadili mfumo wa kompyuta hakugusi taarifa ambazo tayari ziko mikononi mwa kampuni, wala zile zinazokusanywa na simu. Kwenye simu, hatua ya haraka ni kupitia ruhusa za kila programu na kuondoa zisizohitajika. Programu ya tochi haina sababu ya kusoma orodha ya majina. Kwa taarifa zilizokwisha kukusanywa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zinavyotumika, kutaka zirekebishwe na kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara. Asiyeridhika na majibu ya mkusanyaji anaweza kuwasilisha malalamiko yake Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.