Muratina: Pombe iliyotulia si lazima iwe salama

Je, msomaji, umewahi kupewa muratina kwenye sherehe ya ruracio, huko Karatina au Othaya, ukaikuta nzito na iliyotibuka, ukasita kuinywa? Wengi huamini kwamba pombe iliyotibuka ni mbaya, na ile angavu kama maji ni safi. Imani hiyo yaweza kukuponza.

Kwanza tuelewe inavyotibuka. Muratina hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na huchachushwa kwa tunda la mwegea lililokatwa na kukaushwa. (Tunda bichi lina sumu, usilitumie.) Katika nyuzi za tunda hilo hukaa hamira, ambayo hula sukari na kutoa kileo. Hamira ikiwa bado kazini huelea pamoja na nyuzi na vipande vya nta. Haina sumu, ingawa pombe ambayo haijamaliza kuchacha yaweza kukujaza gesi au kukuendesha tumbo.

Ukitaka itulie, fanya hivi:

Ngoja mpaka mapovu yakome. Kisha uitoe karibu na jiko, uiweke penye baridi. Baridi ya Nyeri ya mwezi wa Julai ni msaada mkubwa, maana hamira hulala na mashapo huzama chini. Chota ya juu polepole bila kutikisa chombo, uichuje kwa kitambaa kilichochemshwa. Huko Uingereza watengenezaji wametumia vibofu vya samaki vilivyokaushwa kuitakasa bia, lakini nyumbani baridi na subira vyatosha.

Usitie dawa yoyote ya kung'arisha. Dawa ya kuondoa madoa ya nguo ikikutana na pombe chachu hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Usiihifadhi katika debe la mabati wala mtungi uliokuwa na rangi au dawa ya shambani. Uchachu huyeyusha zinki ya mabati, na anayeinywa hutapika. Ukiona kuvu juu yake, imwage.

Sasa tufike kwenye hatari kubwa. Methanoli ni kileo cha viwandani ambacho wafanyabiashara walafi huongeza kwenye pombe ili iwe kali. Haina rangi. Huwezi kuitambua kwa macho, wala kuichuja kwa kitambaa au makaa. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mwaka wa 2000 iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu na kaunti nyingine. Februari 2024 msiba ukaingia Kangai, Kirinyaga, ambako pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 10.

Dalili zake hudanganya. Mnywaji huonekana mlevi wa kawaida, na huenda saa 12 hadi 24 zikapita kabla hajalalamika. Ndipo huumwa na kichwa na tumbo, hutapika, hupumua kwa haraka, na huona kama yumo ndani ya ukungu. Wengine hupofuka kabisa.

Ukiziona dalili hizi kwa mzee wako au jirani, usimwambie alale ili pombe imtoke. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na umweleze daktari alikunywa nini na saa ngapi. Ukiweza, beba kinywaji kilichobaki. Ipo dawa ya kuizuia sumu, na damu yaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuyaokoa macho. Wale walioshiriki chupa hiyo nao waende wakapimwe, hata kama hawajisikii wagonjwa.

Basi, msomaji, ukikaribishwa kinywaji usiulize tu kama kimetulia. Uliza kimetengenezwa na nani, kwa kitu gani. Usipopata jibu, kirudishe kwa heshima, uombe chai.